UZI: Mtoto anamaliza shule hapa Lamu hajui kuogelea wala hesabu ya pesa zake. Stadi za maisha zifunzwe wapi?

#1 Duka la Langoni
Asalam aleikum wadau. Nna swali, na nataka majibu ya kweli, siasa tuziweke kando. Kila mwaka mitihani ikiisha vijana huja dukani kwangu kutafuta kazi ya kushikilia mpaka matokeo yatoke. Watoto wazuri, wana adabu, na wengine wamepita vizuri hasa. Lakini mwambie aandike mali iliyoisha na pesa zilizotoka leo, anakuangalia tu. Mteja amekuja na hasira, kijana anakimbilia stoo. Ukimtuma Mokowe kuchukua mzigo anapanda boti hajui kuogelea, na ni mtoto wa kisiwani, maji yako kila upande wake tangu azaliwe. Dai langu ni hili, shule zetu zafundisha vingi lakini vile ambavyo mtu atavihitaji siku ya kwanza baada ya kutoka getini hazivigusi. Kuogelea, pesa, kuzungumza na watu, kukataa jambo baya, kuujua mwili wako. Je hii ni kazi ya shule au ni sisi wazazi tumelala?

#2 MamaNasra
Wa aleikum salaam. Ni kazi ya mzazi hio wala haina mjadala. Mwalimu ana darasa limejaa mpaka mlangoni, atamshika nani mkono amfunze kupika? Wanangu wa kiume wote wajua kupika wali, kufua, kumuamkia mtu mzima na kwenda sokoni na kurudi na chenji kamili. Nlianza nao kabla hawajajua kusoma.

#3 Sauti ya Wiyoni
MamaNasra mashallah, wewe uko nyumbani. Na yule ambae mama yuko Saudia kikazi, baba yuko baharini, yeye yuko kwa bibi ambae macho yameshapunguka nuru? Kuna nyumba hamna wa kufundisha, si kwa kutopenda. Shule ndio mahali pekee unapowapata watoto wote pamoja, wa tajiri na wa maskini.

#4 mwalimu_visiwani
Salaam. Mimi nafundisha junia, gredi ya 7 hadi ya 9, kisiwa sitaji. Duka la Langoni swali lako ni zuri lakini nikurekebishe kidogo, si kweli kwamba shule hazijawahi kuwa na stadi za maisha. Mwaka 2008 somo hilo liliingizwa kwenye ratiba za msingi na sekondari, kipindi kimoja kwa wiki, lina silabasi yake. Ndani yake kuna kujitambua, kuhimili hisia na msongo wa mawazo, kuishi na wenzako, kuwa na msimamo, kumaliza mizozo bila ngumi, kufikiria kabla ya kuamua. Ni yale yale ambayo Shirika la Afya Duniani lilikuwa likiyahimiza shuleni tangu miaka ya 1990.

Lakini halikuwa na mtihani. Na kwenye shule zetu kitu kisichokuwa na mtihani mwajua mwisho wake. Mwalimu wa hesabu anabisha hodi, anakwambia mwenzangu nisaidie hicho kipindi silabasi yangu iko nyuma, na wewe unampa maana wajua mwisho wa mwaka mkuu wa shule ataulizwa alama za wastani, hataulizwa ni watoto wangapi wanajua kukataa bangi. Kwa hivyo somo lilikuwepo na halikuwepo.

#5 Kijana wa Barani
Mwalimu umesema kweli tupu, mimi nimesomea Malindi miaka hio na somo hilo nlikuwa naliona kwenye ratiba ya ukutani tu. Wakati wake ukifika ni hesabu, au ni kufagia uwanja.

#6 Karisa_MLD
Sasa si ndio maana ikaletwa CBC 2019? KIE, ile taasisi ya mitaala, walikaa wakaona mfumo wa 8-4-4 ni wa kukariri, wakatoa mtaala wa umilisi, na huko junia stadi za maisha ni somo kamili linajitegemea. Nashangaa watu bado wanalalamika na dawa ishatolewa.

#7 mwalimu_visiwani
Karisa kaka yangu hapo pana vitu vitatu vya kuweka sawa. KIE ilishageuka KICD mwaka 2013. CBC ilijaribiwa kwanza 2017, hio 2019 ndio ilipoanza nchi nzima kwa madarasa ya chini. Na junia ilipoanza 2023 ni kweli stadi za maisha lilikuwa somo lake peke yake, lakini masomo yakaonekana ni mengi, yakapunguzwa, na kuanzia 2024 limeingizwa ndani ya Social Studies. Homu sayansi nayo imeunganishwa na kilimo, biashara ikatiwa kwenye Pre-Technical, somo la ufundi. Simlaumu mtu, masomo yalikuwa yameshatushinda kweli, lakini mkisema liko peke yake mzazi ataenda kulitafuta kwenye ripoti fomu na hataliona.

#8 Karisa_MLD
Ahsante mwalimu. Hata hivyo kuwa ndani ya somo jingine lenye mtihani kwangu naona ni afadhali, angalau hakuna atakaekuja kuomba hicho kipindi.

#9 nahodha mstaafu
Hamjambo wanangu. Nimesoma yote. Mimi sina maneno ya silabasi, nimeshika sukani umri wangu wote, Amu hapa, Pate, Kizingitini, Kiwayu. Nataka kusema juu ya mai, maji ya bahari, maana naona mwalitaya na kulipita mbio mkaenda kwenye pesa.

Zamani mtoto mwanamume alikuwa akiyua kuogelea bila kufunzwa na mtu mzima. Alikuwa akifunzwa na mwenzake aliomzidi umri kidogo, watoto walikuwa hapo gatini toka asri, huyu aruka, yule amshika mwenzake, na mtu mzima yeyote aliopita akiwaona wamekwenda mbali huwaita. Sasa mtoto atoka skuli aenda chuoni kusoma Kurani, atoka chuoni aenda tuisheni, usiku yuko na simu. Hapo gatini boti zimekuwa nyingi za mashine, hata mimi siwezi kumwambia mwanangu aruke pale. Basi ile skuli ya bure imefungwa na hakuna aliofungua nyingine.

Na kuogelea si kupiga mikono tu. Mtoto wa mui huu apaswa kuyua bamvua, yaani mai makuu, ni nini na mai mafu, yaani mai madogo, ni nini, mkondo watoka wapi saa ngapi, kwa nini mfereji wa Mkanda hupiti mai yakiwa yametoka, kwa nini wakati wa upepo wa kusi hutoki nje ya mlango na kidau. Wangi wanaozama ni watu wenye nguvu, wazama kwa kushindana na mkondo, na mkondo haushindwi, ukikushika lala tali, uso juu, uelee, uwate ukutukue mpaka upungue ndipo ukate ubavuni wende pwani. Hilo ni somo la dakika kumi. Nani amewahi kuwaambia watoto hayo darasani?

#10 Duka la Langoni
Nahodha, hili ndilo nlokuwa nalitaka. Ahsante sana.

#11 Bint Mkomani
Nahodha nashukuru, lakini angalia umesema mtoto mwanamume. Wasichana hata hio skuli ya gatini hawakuwahi kuipata. Mimi nafanya kazi ya uuguzi na nyumbani kwetu tuko wengi wanawake, hakuna hata mmoja anaejua kuogelea, na sote twapanda boti kila mara, tukienda kuzaa, tukienda arusini, tukienda msibani. Boti ikipinduka mama ndie aloshika mtoto mchanga na ndie amevaa nguo nyingi.

Halafu isiwe twadhani ni jambo la wazungu. Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa umri wa kwenda shule wafunzwe kuogelea kwa msingi, usalama wa majini na namna ya kumuokoa mwenzako bila wewe kuzama. Bangladesh, nchi ya Waislamu na maskini kama sisi, wamefunza watoto wa vijijini kwenye mabwawa yao wenyewe, wamezungushia mianzi mwalimu akasimama humo. Hakuna bwawa la hoteli wala nini. Na hapo Zanzibar, Nungwi, kuna mradi waitwa Panje wanafunza wasichana wakiwa wamejisitiri mwili mzima, mwalimu mwanamke. Kama Nungwi wameweza sisi tunashindwa na nini?

#12 MamaNasra
Bint Mkomani mwalimu akiwa mwanamke na pahali pawe pa faragha mimi wa kwanza kumleta Nasra. Ila si hapo mbele ya watalii.

#13 fundi_milango
Mimi nawasoma tu, naona nyote mwazungumza kama kwamba kuna pahali pawili tu, shule na nyumbani. Na karakana je? Nimefunzwa uchongaji na mjomba wangu, na alonifunza kuishi ni karakana. Mwanagenzi akija kwangu sio patasi anayoanza nayo. Anaanza kufagia maranda, kunoa, kuchukua chai, kusikiliza mimi na mteja tunavopatana bei. Anajua nimemwambia mteja wiki mbili na ikiwa wiki tatu lazima niende nikamwambie mapema kabla hajanifuata. Anajua mbao mbovu unaikataa bandarini, usingoje ifike. Akikata vibaya ubao wa mtu tunakaa tunapiga hesabu ni hasara ya nani na italipwa vipi, na hapo ndipo anapojua pesa, si kwa ubao wa chaki. Na akigombana na mwenzie hakuna kuitwa kwa mkuu wa shule, wote wawili wabeba gogo moja mpaka wasemezane.

Matondoni wanaounda majahazi ni hivo hivo, na mama zetu wanaofuma majamvi na kushona kofia ni hivo hivo, binti anakaa ubavuni anasikia mengi kuliko ufumaji. Shule inamtoa mtoto miongoni mwa watu wazima kwa masaa manane kila siku, inamuweka na wenzake wa umri ule ule, halafu twauliza mbona hajui kukaa na watu wazima. Kwangu dawa si kuongeza somo. Ni kumtoa mtoto shuleni siku moja kwa wiki aende akae na mtu mwenye kazi.

#14 Sauti ya Wiyoni
Fundi hapo umenigusa, ila si kila fundi ni kama wewe. Kuna karakana mtoto anachofunzwa ni kuvuta sigara na kutukanwa.

#15 fundi_milango
Kweli. Na kuna madarasa pia.

#16 Mzazi wa Mpeketoni
Habari za jioni. Nataka kumkumbusha fundi kwamba 8-4-4 ilipoanza mwaka 1985 ndivyo ilivyokusudiwa. Mimi ni zao lake la mwanzo. Tulikuwa na ushonaji, useremala, uashi, kilimo, upishi, na mtihani wa vitendo tulifanya kweli, ulikuwa unaleta jembe lako na mwiko wako. Nimejifunza kuweka kifungo na kuchanganya saruji shuleni, mpaka leo nyumba yangu nakarabati mwenyewe. Kilichoiua ni gharama, wazazi walichangishwa kujenga karakana na kununua vifaa na wengine hawakuweza, na miaka ya 2000 mwanzoni masomo mengi ya mikono yakaondolewa kwenye mtihani. Baada ya hapo yakafa moja moja. Kwa hivyo mnapoilaumu 8-4-4 semeni ni ipi, maana kuna mbili.

Huku kwetu bado kuna kitu kinafanya kazi, klabu za 4K, zile za kilimo shuleni. Zilikuwa zamani zikalala, zikafufuliwa 2021. Watoto wana kitalu chao cha mboga na miche, wanauza, wana daftari la mapato. Binti yangu hapo ndipo alipojua tofauti ya pesa iliyoingia na faida.

#17 Kijana wa Barani
Mpeketoni mna mashamba nyinyi, watu wa Amu watapanda sukuma juu ya punda? 😂

#18 Duka la Langoni
Kijana wa Barani punda wetu yuajua ndia ya nyumbani kuliko madereva wa tuktuk wenu. Hebu turudi kwenye mada.

#19 fomufoo_2023
Naomba na mimi niseme maana mnatuzungumzia sana na hatupo. Nmemaliza fomu foo 2023. Mimi ndo yule anaekimbilia stoo. Sikuwahi kuambiwa nna haki ya kumjibu mtu mzima kwa upole, nyumbani nkijibu ni kofi, shule nkijibu ni utovu wa nidhamu, chuoni nkijibu ni bakora, halafu dukani nategemewa nimtulize mzee wa watu alokasirika. Ntajifunzia wapi?

Na pesa mnasema hatujui. Tunajua kupata, hatujaambiwa zinavotoka. Kwenye simu mikopo iko hapo hapo, unabonyeza inaingia. Na mikeka ya kubashiri mpira, darasani mwetu walikuwa wanacheza na pesa za chakula. Hakuna mwalimu alokaa akatupigia hesabu. Walikuwa wanasema tu kamari ni haramu, na tulikuwa tunajua ni haramu na bado tunacheza. Mtu angetuonyesha kwa nambari pengine tungesikia.

#20 mwalimu_visiwani
Fomufoo karibu sana kwenye uzi, na nakupigia hio hesabu sasa hivi, wengine mfunzeni watoto wenu.

Chukua mkeka wa mechi kumi, na tukufanyie ukarimu, tuseme kila mechi una nafasi sawa ya kupata na kukosa. Mbili mara mbili mara mbili, mara kumi, ni 1,024. Yaani mkeka wako mmoja una nafasi moja kati ya 1,024. Na mechi moja ikikosa wote umekwenda. Ukiweka shilingi 50 kila siku utamaliza karibu miaka mitatu ndio ufikishe mikeka 1,024, na utakuwa umetoa zaidi ya shilingi 51,000. Hio ni probabiliti, iko kwenye silabasi, tunaifundisha kwa dadu na mipira ya rangi kwenye mfuko.

Mkopo nao. Umekopa 1,000 ukatakiwa kurudisha 1,150 baada ya mwezi. Unasema mia na hamsini si kitu. Hio ni asilimia 15 kwa mwezi, ukizungusha hivo mwaka mzima ni 1,800 umelipa kwa ajili ya 1,000 na ile 1,000 yenyewe bado unadaiwa.

Ndio maana mimi msimamo wangu ni tofauti na wa wote hapo juu. Sitaki somo jipya. Nataka hesabu ifundishwe kwa mkeka na mkopo, sayansi ifundishwe kwa bamvua ya nahodha, Kiswahili kifundishwe kwa kuandika malalamiko na kumtuliza mteja. Mtihani utakuja wenyewe.

#21 Bint Mkomani
Mwalimu hapo kwenye pesa na maji nakubali. Lakini kuna mambo hayaingii kwenye hesabu. Kukataa, kujua mwili, kusema umefanyiwa ubaya, utayatia kwenye somo gani?

Wasichana zamani walikuwa na somo, yaani kungwi. Binti akivunja ungo anakabidhiwa mtu mzima wa kike asokuwa mama yake, maana mama yaona haya, na huyo anamfunza usafi, hedhi, heshima yake, mpaka siku ya arusi yuko nae. Sasa mtaani wengi wanaitwa karibu na arusi tu, pengine wiki ya arusi, na wanafunza ya chumbani na mapambo. Ile miaka ya kati, kumi na mbili mpaka kumi na nane, iko wazi, inajazwa na simu na marafiki. Mabinti wanaokuja kliniki wana maswali ambayo ilikuwa wayajue miaka mingi nyuma. Na wavulana ndio hawana kabisa, wao hata hio arusi hawana wa kuwaketisha.

#22 Karisa_MLD
Dada Bint Mkomani nakuunga mkono na niseme ya Malindi. Nafanya kazi ya kuongoza wageni, ufuoni niko kila siku. Mtoto wetu haharibiwi na mtu mwenye sura mbaya. Ni mtu anaecheka nae, anamnunulia viatu, analipia ada ya shule, anakuja mpaka nyumbani kusalimia wazazi. Awe mgeni awe mwenyeji. Huyo mtoto ameambiwa maisha yake yote shukuru ukipewa, usimkatalie mkubwa. Sasa siku mkubwa anataka kitu kibaya atatoa wapi sauti?

Mimi wangu nawafanyisha mazoezi, kweli kabisa. Nakuwa mimi ndio huyo mtu. Nampa zawadi, namwambia usimwambie mama. Na yeye lazima aseme kwa sauti, sitaki, halafu aondoke, halafu aende akamwambie mtu, na huyo akiwa hakusikia aende kwa wa pili. Mara ya kwanza walikuwa wanacheka na kuona haya, sauti haitoki kabisa. Ndio nkajua kumwambia mtoto kataa haitoshi, mdomo unatakiwa uzoee. Na nimewakaririsha 116, ile namba ya bure ya kusaidia watoto, wanaijua kama jina lao.

#23 MamaNasra
Karisa hilo la mazoezi naliiba. Lakini naogopa kitu kimoja, nkimfunza mwanangu kusema sitaki kwa mtu mzima, kesho nkimtuma dukani ataniambia sitaki. Heshima tutaiweka wapi?

#24 Sauti ya Wiyoni
MamaNasra mtoto anaweza kutofautisha. Sheria ya Makosa ya Kingono ipo tangu 2006 na mtoto ni mtoto mpaka 18, lakini sheria haiko chumbani wakati ule, kilichopo ni mtoto na mdomo wake tu. Ikibidi nichague nachukua mtoto jeuri aliosalimika.

#25 MamaNasra
Si jeuri wala si kuchagua. Mimi wangu nimewafunza yote mawili, anaitika labeka na akija kuguswa vibaya anakuja kuniambia, na anakuja kwa sababu hajawahi kupigwa kwa kuniambia kitu. Hapo ndipo siri ilipo. Haya ya kumfanya mtoto amjibu kila mtu mimi siyataki.

#26 fomufoo_2023
Bi MamaNasra hilo la kutopigwa kwa kusema ndilo ambalo wengi hatukupata. Kofi shuleni zilikatazwa kisheria tangu 2001, mimi nmezaliwa baada ya hapo na nmezila zote.

#27 Duka la Langoni
Nakusikia kijana. Kesho pita dukani, kama bado hujapata kazi.

#28 mwalimu_visiwani
Niseme la kwetu walimu maana limekaa kooni. Mnasema tufundishe kukataa, kuhimili hisia, kusikiliza. Mwalimu mwenyewe hakufundishwa. Tulipita chuo cha ualimu na tukasoma mbinu za kufundisha kusoma na kuhesabu, hili la kumketisha mtoto aliofiwa au aliokosana na baba yake tulipewa semina fupi na kijitabu. Wengi wetu tumetoka mbali, lugha ya mtaa hatuijui vizuri, hatuwezi kuingia kwenye maneno ya siri ya familia za watu.

Na kupima. Kwenye ripoti natakiwa niandike mtoto amezidi matarajio, amefikia, anakaribia au yuko chini. Sawa. Mtoto anaejibu vizuri swali la namna ya kukataa dawa za kulevya, je nimempima kukataa au nimempima kujibu swali? Nimeona mtoto anaeandika insha safi ya madhara ya heroini na kaka yake anaitumia nyumbani na yeye ndie anaetumwa kuinunua. Nampa alama gani huyo? Bint Mkomani alivosema hayaingii kwenye hesabu ni kweli, na hayaingii kwenye mtihani wowote, na nshasema kisichokuwa na mtihani kinaliwa. Hapo ndipo akili yangu inaposimama.

#29 fundi_milango
Mwalimu ndio nkasema siku moja kwa wiki. Mtu hupimwa kwa kuonekana.

#30 Mzazi wa Mpeketoni
Fundi, kitu kama hicho kimeingia tayari. Sekondari ya juu, gredi ya 10 ya 2026, wana somo la lazima la kuhudumia jamii, wanaliita CSL. Mtoto anatoka anafanya mradi kwa watu wake. Kwa nini kuogelea kusiwe huo mradi? Wakubwa wafunze wadogo, kama watoto wa nahodha pale gatini.

#31 Bint Mkomani
Wazo zuri ila si watoto kufunza watoto peke yao majini. Mtu mzima anaejua kuokoa lazima awepo, na kwa wasichana awe mwanamke. Wako Shela wanawake wachache wanaojua, nitauliza.

#32 Kijana wa Barani
Na hawa wanaokuja kuokoa nao wanazama. Mambrui na hata kwetu ni hivo, mmoja anazama, ndugu yake anaruka, wanatolewa wawili.

#33 nahodha mstaafu
Kijana wa Barani, umesema jambo kubwa. Anaozama hashikwi kwa mikono, atakukamata shingo mwende nyote. Mtupie kitu kinachoelea, jerikeni tupu la mafuta ya kupikia lililofungwa kifuniko lamshikilia mtu mzima, funga kamba kwenye mshikio wa jerikeni umvute. Kama huna, nyosha kasia, nyosha upondo, nyosha hata kilemba, wewe ulale tini usisimame. Hili wafunzwe hata wale wasioyua kuogelea, maana halihitaji kuogelea.

#34 MamaNasra
Nahodha Mungu akuweke. Jerikeni zimejaa jikoni kwangu. Sasa nani anapanga? Mimi natoa chai na mahamri Jumamosi, Bint Mkomani alete huyo mwanamke wa Shela.

#35 fundi_milango
Mimi ntatengeneza vibao vya kushikia kuelea, mbao laini zipo. Ila bado sijakubali kwamba hili ni la shule. Mkilitia shule litakuwa kipindi, na kipindi kitaombwa.

#36 mwalimu_visiwani
Fundi tukiliwacha nje ya shule watakaokuja Jumamosi ni watoto wa MamaNasra, wale wa bibi wa Wiyoni hawatakuja. Nitazungumza na mkuu wetu, tuna kipindi kimoja kwa wiki cha PPI, kile cha malezi ya kiroho, twaweza kuanza na ya nchi kavu humo, jerikeni na kamba uwanjani. Swali moja kwa nahodha, jaketi za kuokolea tukipata mfadhili tuagize za aina gani?

#37 nahodha mstaafu
Angalia uzito wa mtoto, usiangalie umri, umeandikwa ndani ya jaketi. Mtoto wa kilo ishirini ukimvika la mtu mzima akitumbukia lampanda usoni naye ateremka. La mdogo liwe na ukanda wa kupita kati ya miguu. Mvike, mshike mabegani uvute juu, likifika masikioni si lake. Na Jumamosi ya kwanza chagueni siku ya mai mafu, bamvua muiwate kwanza.